Mwili wa Kuazima

Siku wanawake wa kikundi walipokuja kupimwa sare, kibanda cha Fundi hakikuwa na pa kukanyaga. Walikuwa ishirini na wanane, kila mmoja akitaka kupimwa wa kwanza, kila mmoja na mshono wake kwenye simu. Fundi alikuwa amezoea fujo za namna hiyo. Aliwapanga kwa mdomo tu, wewe hapa, wewe kaa, nyie wawili acheni kubishana, huku futi ya kupimia ikimtoka shingoni na kurudi shingoni. Namba alizitaja kwa sauti ya chini. Hiyo ndiyo adabu ya kazi, mwili wa mteja hautangazwi. Mke wa mwanawe alikaa kwenye kigoda, daftari la vipimo magotini, anaandika.

Huyo mkwe ndiye waliyembandika jina la Njiti. Alikuwa mrefu, shingo imesimama, mifupa ya mabega imejichora kwenye blauzi, na mikono yake ilikuwa na wepesi wa ajabu kwenye vifungo na pindo. Na alikula. Jamani, alikula! Sahani ya kwanza aliimaliza watu wakiwa bado wananawa, ya pili akaifuta kwa mkate, na kesho yake kiuno kilikuwa palepale, inchi ishirini na nne. Mama yake mzazi alikuwa hivyohivyo, mwembamba na mkavu, na siku ya harusi alicheza tangu mchana mpaka wapiga muziki wakaomba radhi. Fundi alikuwepo, aliyaona hayo kwa macho yake. Lakini kujua ni jambo moja, na midomo ya watu ni jambo lingine.

"Fundi, hebu tuambie ukweli," alianza Mwenyekiti wa kikundi, mama wa mwili mkubwa na sauti kubwa zaidi. "Huyu mtoto unampa chakula, au unampa harufu yake tu?"

Kibanda kikaangua kicheko.

"Mwanao dereva, anakaa njiani wiki tatu. Akirudi anakumbatia nini? Henga ya nguo?"

"Anakula kunishinda mimi," alijibu Fundi, akijitahidi kucheka nao.

"Basi kinaenda wapi?" aliuliza mwingine pembeni. Kisha akashusha sauti, ila si sana. "Amepimwa lakini?"

Ilipofika zamu yake huyo wa pembeni, Njiti aliinuka amsaidie Fundi kushika ncha ya futi. Mama akarudi nyuma hatua moja. "Nipime wewe mwenyewe, Fundi. Yeye aandike tu." Njiti akakaa. Akaandika kiuno thelathini na nane kwa mwandiko wake mzuri wa duara, wala hakuinua macho.

Wakati wa kuondoka Mwenyekiti alimvuta Fundi kando. Sherehe ya miaka kumi ya kikundi ingefanyika baada ya miezi mitatu, alisema, na familia zote zingepigwa picha. "Mkweo naye mshonee, tunahesabu nyumba nzima. Ila mnenepeshe kidogo. Watu wanasema vibaya, na wanakusema wewe, si yeye."

Maneno hayo yalimkaa Fundi kifuani kama mfupa wa samaki. Miaka thelathini alikuwa amejenga jina kwa sindano na uzi, halafu leo aonekane mama mkwe anayefungia vyakula!

*

Mlango wa tatu kutoka kibandani palikuwa na mwuza vipodozi. Aliuza poda, mafuta ya nywele, na chini ya meza vitu vingine ambavyo wateja waliviomba kwa kunong'ona. Fundi alinong'ona pia.

"Ninavyo," alisema mwuza vipodozi, akatoa kopo jeupe lisilo na karatasi yoyote. Ndani yake kulikuwa na vidonge vidogo, vyeupe, vingi. "Viwili asubuhi, viwili jioni. Ni vitamini tu, vya kuleta hamu ya kula."

"Hamu anayo. Nimekwambia anakula."

"Basi hivi vitakifanya chakula kikae."

Jibu hilo lilimtosha Fundi. Angekuwa ananunua kitambaa angekivuta, angekinusa, angekiangalia kwenye mwanga na kuuliza kinatoka kiwanda gani. Kopo hakuuliza hata jina lake.

Nyumbani aliweka vidonge viwili kwenye kiganja cha Njiti. "Meza, mwanangu. Vitamini hivi, vitakusaidia." Njiti alimeza papo hapo, bila swali. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu katika nyumba ile, na ilikuwa mara ya kwanza kuitwa mwanangu bila kutumwa kitu.

*

Uso ndio ulioanza. Wiki ya tatu mashavu yalijaa, wiki ya tano kidevu kikapata mwenzake, na tumbo likaanza kusukuma kanga mbele. Fundi hakuamini macho yake. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Akawa anaenda na Njiti sokoni, naye akichagua njia ndefu, ile inayopita mbele ya nyumba ya Mwenyekiti.

"Mungu wangu! Huyu ndiye yule?" Mwenyekiti alitoka barazani, akamshika Njiti mashavu kwa mikono miwili kama anayechagua tikiti. "Fundi, umemfanya nini mtoto wa watu?"

"Sijamfanya kitu," alisema Fundi. "Amani ya nyumba tu."

Neno hilo likasambaa. Amani ya nyumba! Wenye wakwe wakorofi walitajiwa. Wanawake waliokuja kujaribu sare walimpa Njiti watoto wao awashikie, na yule wa pembeni, yule aliyerudi nyuma hatua moja, sasa alinyoosha mikono juu na kusema, "Nipime wewe, mama, mikono yako myepesi." Njiti alicheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana. Fundi hakuwa amewahi kuyaona. Dereva aliporudi kwa siku mbili alimzungusha mkewe uani, akamwambia mama yake, "Mama, asante. Naona unanitunzia." Kisha akarudi njiani.

Mambo mengine yalikuwepo, na Fundi aliyaona, ila aliyaona kwa jicho la mtu asiyetaka kuona. Njiti alikunywa maji mno. Akigonga mkono kwenye meza ya pasi, palibaki alama nyeusi wiki nzima. Tumboni ilitokea michirizi mipana ya zambarau, na wanawake walipoiona wakapiga vigelegele: mimba hiyo! Fundi alikwenda akahesabu miezi kwa vidole, akatabasamu peke yake. Na kila Njiti alipoinuka kwenye kigoda alishika kwanza mguu wa cherehani, akajivuta, kama mama mzee.

*

Zilibaki wiki mbili kabla ya sherehe Fundi alipomvika Njiti sare yake. Alikuwa ameikata kwa vipimo vya siku ile ya kwanza, akaacha akiba nzuri ya kitambaa ubavuni, maana alijua mwili unakuja. Akiba haikutosha. Kiunoni zipu iligoma katikati. Fundi alifumua ubavu wote akiimba chini chini, na moyoni anajisifu.

Kisha akashika mkono wa gauni. Alikuwa ameushona umbane, kama mshono ulivyotaka. Sasa ulikuwa unaning'inia.

Nimekosea kuandika, aliwaza. Lakini aliyeandika ni Njiti, na Njiti hakukosea. Akazungusha futi juu ya kiwiko. Daftari lilisema tisa. Futi ikasema saba na nusu. Akapima tena, akapima mkono wa pili. Akamwambia, "Pandisha gauni," akapima paja. Nalo lilikuwa limepungua. Akazunguka nyuma, na pale chini ya shingo, mahali ambapo kitambaa kinatakiwa kulala, kidole chake kikakuta nundu laini ya nyama.

Fundi alikaa kitako sakafuni na futi mkononi. Alikuwa ameshona wajawazito, waliojifungua, waliougua wakapona, waliougua wasipone. Mtu akinenepa, mkono wa gauni ndio unaolalamika wa kwanza. Miaka thelathini haikuwahi kumwonyesha mwili unaojaa tumboni huku unakauka mikononi. Huyu mtoto hakuwa amenenepa. Nyama yake ilikuwa inahamishwa.

"Unajisikiaje?" aliuliza.

"Sijambo, mama."

"Nakuuliza kweli, mwanangu."

Njiti aliegemea meza ya pasi. "Miguu haina nguvu. Ngazi za sokoni napanda nimeshika ukuta. Na usingizi hauji."

"Tangu lini?"

"Mwezi sasa."

"Na hukusema! Kwa nini hukusema?"

Njiti alijitazama kwenye kioo, uso wa duara, macho yamezama kidogo mashavuni. "Kila mtu anasema nimependeza," alisema.

Fundi alitoka hata bila viatu vya kutokea. Mwuza vipodozi alikuwa anampaka mteja rangi ya kucha.

"Ulinipa nini wewe?"

"Nini tena, Fundi? Si amenenepa?"

"Jina lake nini zile dawa?"

"Jina unataka la kazi gani? Wenzako wanarudi kushukuru." Akashusha sauti. "Kama nguvu zimepungua, mwongezee kimoja."

Fundi alirudi mbio nyumbani, akachukua kopo, akamwaga vidonge vyote chooni na kufuatisha ndoo mbili za maji. Kopo akalitupa. Alijiona amefanya jambo la busara, tena la haraka. "Vitamini vimetosha," alimwambia Njiti. "Sasa kula tu." Wala hakumwambia mtu mwingine yeyote.

*

Siku ya pili Njiti alitapika chai. Siku ya tatu hakugusa chakula, yeye aliyekuwa anafuta sahani kwa mkate. Siku ya nne, saa sita mchana, Mwenyekiti alikuwa kibandani akihakiki sare zilizokamilika, Njiti akainuka kumletea furushi, akaanguka nalo. Hakupiga kelele. Alilala juu ya sare, ametota jasho, midomo imekauka, anaita mama, na haikujulikana anamwita mama yupi.

Gari la Mwenyekiti ndilo lililowapeleka hospitali. Yeye mwenyewe alimbeba miguu, akapoteza kiatu kimoja mlangoni asijali. Ukimwondolea mdomo wake, alikuwa mtu mwema.

Pale mapokezi muuguzi aliuliza huku anaandika. "Anatumia dawa yoyote?"

Fundi alifungua mdomo. Nyuma yake alisikia pumzi za Mwenyekiti, nzito, karibu na sikio.

"Hakuna," alisema.

"Labda ni mimba," aliongeza Mwenyekiti.

Haikuwa mimba. Haikuwa malaria. Walimtundikia maji, na Fundi na Mwenyekiti wakakaa kwenye benchi la ukumbini pamoja na watu wengine kama kumi waliokuwa wanasubiri wagonjwa wao. Saa moja ikapita. Daktari, binti mdogo mwenye miwani, akatoka.

"Mama, presha yake inashuka, na maji hayamsaidii kama yanavyopaswa. Nauliza tena. Hakuna kitu anachotumia? Dawa ya kienyeji, ya dukani, chochote? Nikikosea hapa tunampoteza."

Basi, kwa kuwa tumefika hapa, tuseme ukweli wa Fundi. Wakati ule hakumfikiria Njiti. Alilifikiria neno lake, amani ya nyumba, jinsi lilivyozunguka mtaa mzima, na jinsi Mwenyekiti angelibeba leo jioni likiwa limegeuzwa ndani nje. Akatazama sakafu. "Labda uchovu," alisema.

Daktari aliacha mlango wazi aliporudi ndani. Wakamsikia akiinama kitandani, akiuliza polepole kama anayeongea na mtoto: dada, unanisikia? Kuna dawa umekunywa? Na wakaisikia sauti ya Njiti, nyembamba, ikitoka kwa shida.

"Mama amesema hakuna?"

"Amesema hakuna."

"Basi hakuna."

Fundi alisimama. Miguu ilimpeleka mpaka mlangoni kabla kichwa hakijaamua.

"Vidonge!" alipaza sauti, na benchi lote likageuka. "Nilimpa vidonge vya kunenepa, daktari. Mimi, kwa mkono wangu huu, zaidi ya miezi miwili. Yeye hajui, nilimwambia ni vitamini. Halafu nikavitupa, leo siku ya nne!"

"Vidogo? Vyeupe? Kopo halina jina?"

"Ndiyo."

Daktari alimwagiza muuguzi dawa kwa jina, sindano ikaja, mlango ukafungwa.

Alipotoka tena alieleza akiwa amesimama, maana walikuwepo wagonjwa wengine. Mwili, alisema, una kitu unachokitengeneza wenyewe cha kuutia nguvu. Vidonge vile huleta kitu hicho kwa wingi kupita kiasi, mpaka mwili unaacha kutengeneza cha kwake. Ukivikata ghafla, mtu anabaki hana cha vidonge wala cha kwake.

"Kwa hiyo nilimwumiza nilipompa," alisema Fundi, "na nikamwumiza nilipomnyima."

"Ndiyo, mama," alisema daktari. Hakuwa na muda wa kulainisha maneno.

Mwenyekiti alikuwa bado ameshika furushi la nguo za Njiti kifuani. "Lakini Fundi," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo, "yule mtoto alikuwa anaumwa nini hapo mwanzo?"

"Alikuwa haumwi kitu."

"Sasa kwa nini ukampa..."

Fundi alimgeukia. Alimtazama tu, akamtazama, mpaka Mwenyekiti akawa wa kwanza kuinamisha macho.

*

Siku mbili baadaye, mchana, Njiti aliweza kukaa. Kitanda chake kilikuwa cha dirishani, na mwanga ulionyesha vizuri uso uliovimba na mikono miwili myembamba juu ya shuka. Fundi alikuwa anampa uji kwa kijiko. Alikuwa ameshamwambia yote, kopo, vidonge, na ule uongo wa mapokezi, na Njiti alisikiliza akiitikia kwa kichwa kidogo kidogo, hakulia wala hakukasirika. Dereva alikuwa amepigiwa simu, yuko njiani anarudi. Alikuwa amemwuliza mama yake swali moja tu: "Mama, nani alikwambia mke wangu ana kasoro?" Kisha simu ikakatika, au akaikata.

Daktari alikuja na karatasi ya dawa. Akaeleza kwamba Njiti angeendelea na dawa ya aina ileile, ila sasa ya kupimwa, ikipunguzwa kidogo kidogo kwa miezi kadhaa mpaka mwili ukumbuke kazi yake. Asiiache hata siku moja. "Na usiogope," alimalizia kwa furaha, "haya mashavu na hili tumbo vitaondoka. Nguvu za miguu zitarudi."

"Nitarudi kukonda?" aliuliza Njiti.

"Utarudi kwenye mwili wako. Ulikuwa mzuri kabisa, mwili wako."

Njiti alishukuru kwa adabu. Daktari alipohamia kitanda cha pili, aligeukia ukutani, na mabega yakaanza kutikisika. Fundi alidhani ni maumivu, akaweka bakuli chini, akamshika mgongo.

"Wapi panauma, mwanangu? Nimwite daktari?"

Njiti alitingisha kichwa. Kisha akamgeukia.

"Mwite, mama," alisema. "Mwombe aniache hivi hivi."

"Akuache hivi? Unataka kufa?"

"Nitajikaza. Nimeshazoea." Alivuta shuka akajifuta uso ule wa duara. "Hivi ndivyo unavyonipenda."